Kuku Anaanza na Herufi Gani?

Mtu wa Wanga akitaka kuku husema "ingokho". Mmaragoli husema "ingoko". Mbukusu husema "engokho". Waweke watatu hao kwenye meza moja mjini Kakamega na kuku ataitishwa, ataletwa, ataliwa, na hakuna atakayeulizwa jina lake linaandikwaje. Lakini mpe mmoja wao kazi ya kuandika kamusi na shida inaanza papo hapo. Kuku anaingia chini ya I ama E? Kwa kh ama k? Ukichagua moja, wale wengine wawili wakifungua ukurasa hawamwoni kuku wao.

Swali linaonekana la kuchekesha. Lakini ni swali la aina hiyo lililovunja kamati nzima hapa magharibi mwa Kenya miaka ya 1940, na mpaka leo linachangia kuamua kama mtoto wa gredi ya kwanza kule Shinyalu atapata kitabu cha lugha ya nyumbani kwao ama atakosa. Nataka kufuata historia ya kitu ambacho hatukifikirii sana: orodha ya maneno. Nani aliitengeneza, nani aliichapisha, ilifikaje kwenye intaneti bure, na kwa nini orodha ikiwa hifadhidata ndogo inaweza kufanya kazi ambayo kitabu kilishindwa.

Tuanze na jina. "Luhya" kama jina la watu wote hawa si la zamani vile tunavyodhani. Serikali ya kikoloni iliita eneo hili Kavirondo ya Kaskazini, makao makuu yakawa Kakamega. Watu walijijua kama Waisukha, Waidakho, Wabukusu, Wamaragoli, Wawanga, Watiriki, Wanyore na wengine. Hata leo utaambiwa makundi ni kumi na sita, mwingine atakwambia kumi na nane, inategemea nani anahesabu. Jina la pamoja lilishika miaka ya 1930 na 1940, likibebwa na wasomi wa shule za misheni na vyama kama North Kavirondo Central Association. Neno lenyewe, oluyia, lilitoka nyumbani: ni pale uani ambapo watu wa ukoo hukutana, wakaota moto na kuongea mambo yao. Kufikia sensa ya 1948, zaidi ya watu laki sita walihesabiwa chini ya jina hilo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 6.8.

Kwa hivyo jina lilikubaliwa. Lugha ndiyo ilileta ubishi.

Kila misheni ilikuwa imeshaanza na lugha ya pale ilipotua. Friends, wale tunaowaita Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902. Mmoja wao, Emory Rees, alikaa na Wamaragoli na kusimamia tafsiri, na Agano Jipya la Kimaragoli likatoka 1925. Church of God walikuwa Bunyore wakitumia Kinyore. Waanglikana wa CMS walikuwa Maseno na Butere, na wao wakajenga kazi yao juu ya lugha ya Wanga. Mtoto aliyesoma kwa misheni moja akipewa kitabu cha misheni nyingine aliona maneno anayoyajua yamevaa nguo za kigeni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ikaundwa kamati ya lugha ya Kiluhya. Msukumo ulitoka kwa Archdeacon Walter Owen wa CMS, mtu ambaye tayari alikuwa na jina hapa kwa sababu ya kuanzisha Kavirondo Taxpayers Welfare Association mwaka 1923. Kazi nzito ya kukusanya maneno na kupanga sarufi ilifanywa na mmishonari mwenzake, Lee Appleby. Mwaka 1943 akatoa orodha ya maneno ya Kiluhya na Kiingereza, na 1947 kitabu cha sarufi. Lengo lilikuwa lugha moja ya kuandika: shule zote zitumie vitabu vilevile, gharama ya uchapishaji ishuke, na watu wapya wenye jina jipya wawe na maandishi yao.

Wamaragoli walikataa. Ukisoma haraka utasema ni ukaidi, lakini jiweke kwa nafasi yao. Walikuwa na Agano Jipya lao tayari, na Biblia nzima ilikuwa njiani, ilitoka 1951. Sasa unaambiwa uache maandishi ambayo watoto wako wanajua kusoma, uchukue tahajia ambayo kwa macho yako imetoka upande wa Wanga na majirani zao. Na Wanga hawakuwa jirani tu. Mwaka 1909 Waingereza walimfanya Nabongo Mumia kuwa chifu mkuu, na watu wa ukoo wake wakatumwa kutawala sehemu za wengine, hata kwa Wabukusu. Watu walikuwa wamechoka na hilo jambo kwa miaka mingi. Kuambiwa sasa hata "watu" uandike "abandu" kama wao, wakati wewe umesema "avandu" tangu uzaliwe na Mbukusu anasema "babandu", ilikuwa kama kutawaliwa tena, mara hii kupitia daftari la shule.

Owen alifariki 1945. Kamati haikupata ile lugha moja ya kila mtu. Kazi haikupotea yote, kwa sababu Biblia ya Kiluhya cha pamoja ilikuja kutoka 1975 na bado iko makanisani. Lakini Kimaragoli kilibaki na maandishi yake, Kibukusu kikaendelea na njia yake, na lugha ndogo za katikati, hasa hizi zinazozunguka mji wa Kakamega, zikabaki bila kitu chao wenyewe.

Ukitaka kuona jinsi mambo yangeenda kama serikali ingesimama nyuma ya kitabu, angalia Kiswahili. Nacho kilikuwa na lahaja zake na ugomvi wake. Kamusi kubwa ya Ludwig Krapf iliyotoka London 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa, ilitokana na kazi aliyoifanya Mombasa na Rabai, kwa hivyo ilijaa Kimvita. Halafu mkutano wa Mombasa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na 1939 zikatoka kamusi zilizobeba jina la Frederick Johnson. Watu wa Mombasa hawakufurahi, na mashairi yao yana maneno ambayo mpaka leo mwalimu wa shule anaweza kuyapiga kalamu nyekundu. Tofauti ni kwamba Kiswahili kilikuwa na serikali nne, idara za elimu na mitihani. Kiluhya kilikuwa na misheni zilizokuwa zinashindana.

Hapo ndipo naona jambo ambalo wengi hulipita. Tumezoea kusema Waluhya walishindwa kuelewana. Lakini wakiongea wanaelewana vya kutosha, au angalau wanavumiliana. Fungua Mulembe FM asubuhi usikilize wanaopiga simu. Huyu anaongea cha kwao, yule anajibu kwa cha kwao, mtangazaji anachanganya, na hakuna anayekata simu. Redio haikuulizi kuku anaanza na herufi gani.

Karatasi ndiyo inauliza. Kamusi ya kuchapwa hupangwa kwa alfabeti, na alfabeti inataka neno moja mbele ya mengine. "Maji" kwa Kiwanga ni "amatsi", kwa Kibukusu ni "kameechi". Moja iko mwanzo wa kitabu, nyingine katikati. Ungeweza kuandika zote, na zile za makundi mengine kumi na nne, lakini kila mstari ni wino na kila ukurasa ni pesa. Mchapishaji anauliza: nipe moja. Halafu hiyo moja iliyochaguliwa kwa sababu ya gharama inaanza kuitwa sahihi, na zile zingine zinaanza kuitwa makosa.

Sasa turuke mpaka mwaka 1994, tena mbali na hapa.

Mwaka uliotangulia, Aprili 1993, kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi kilikuwa kimeachilia teknolojia ya tovuti itumiwe na yeyote bila malipo. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kulikuwa na mwanafunzi wa anthropolojia aitwaye Martin Benjamin ambaye utafiti wake ulikuwa Tanzania. Mwaka 1994 alianzisha kamusi ya Kiswahili na Kiingereza kwenye intaneti. Jina lake la kwanza lilimaanisha kamusi iliyo hai. Baadaye watu wakaizoea kwa jina fupi tu, Kamusi.

Wazo lilikuwa rahisi ukiliangalia leo, lakini wakati huo hata Wikipedia ilikuwa bado. Hiyo ilikuja 2001. Kamusi za Kiswahili zilizokuwepo zilikuwa za zamani, au ghali, au hazipatikani mahali ulipo. Kamusi hii iliwekwa kama hifadhidata: kila neno lina mstari wake, na kila mstari una visanduku vyake, cha Kiswahili, cha Kiingereza, cha aina ya neno, cha wingi, cha mfano wa sentensi. Mtu popote angeweza kutafuta bure. Na zaidi ya kutafuta, angeweza kutuma neno jipya au kurekebisha lililopo, halafu wahariri wanakagua kabla halijaingia. Kwa miaka ikafika makumi ya maelfu ya maingizo, ikatumiwa na wanafunzi, watafsiri na watoto wa waliohamia ng'ambo waliotaka kujua wazazi wao wanasema nini kwa simu.

Kuna kejeli moja hapa ambayo lazima niiseme. Kamusi hiyo ya Kiswahili ilikuwa hewani Marekani wakati ambapo sisi wenye Kiswahili hatukuwa na njia ya kuifikia. Mwaka 1995 shirika la simu na posta la Kenya, KPTC, lilitangaza magazetini kwamba kuuza huduma za intaneti ni kinyume cha sheria. Baadaye ilikubaliwa, lakini kwa miaka mingi data ilikuja kwa setilaiti kwa bei ya kuumiza. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009. Kwa hivyo kwa miaka kama kumi na tano, orodha ya maneno yetu iliyo wazi zaidi duniani ilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa wengi wetu.

Kitu kilichobadilika pale si kasi tu. Ni ile sheria ya karatasi ya "nipe moja". Kwenye hifadhidata, alfabeti si bosi tena. Neno linatambulishwa na namba yake ya ndani, na unaweza kulifikia kwa mlango wowote. Hebu fikiria mstari mmoja wenye maana "kuku". Chini yake weka safu ya Kiwanga, ingokho. Safu ya Kimaragoli, ingoko. Safu ya Kibukusu, engokho. Mmaragoli akitafuta kwa neno lake anafika, Mbukusu akitafuta kwa lake anafika, na kila mmoja anaona jirani yake anasemaje. Hakuna aliye kichwa cha habari na hakuna aliye kosa. Kile ambacho kamati ya miaka ya 1940 iligombania kwa miaka, jedwali linakimaliza kwa kuongeza safu.

Watu wa isimu waliliona mapema. Mwaka huohuo wa 1994, kule Berkeley, California, Larry Hyman na John Lowe walianza mradi ulioitwa CBOLD wa kuweka pamoja orodha za maneno za lugha za Kibantu, ili mtu aweze kulinganisha lugha moja na nyingine. Faili nyingi zilikuwa maandishi matupu tu, neno na maana yake. Hazina urembo wowote, lakini maandishi matupu yana sifa moja: yanafunguka kwenye kompyuta yoyote, ya mwaka wowote.

Sasa, kabla mtu hajaniambia "basi tumalize, tutengeneze tovuti", historia hiyohiyo ina somo la pili, na hili halipendezi.

Kamusi haikukaa Yale milele. Kuelekea mwisho wa miaka ya 2000 ilitoka pale ikajisimamia kama shirika lisilo la faida. Benjamin akaendelea na kazi akiwa Uswisi, na mradi ukapanuliwa ulenge lugha nyingi za dunia. Muda wote huo tatizo lilikuwa lilelile: wafadhili hupenda kuzindua, hawapendi kulipia mtu wa kufagia. Hifadhidata inataka kodi ya seva kila mwezi. Inataka mtu wa kusoma maneno yaliyotumwa na kuona kama ni ya kweli au ni mzaha. Programu inazeeka na kuhitaji kuandikwa upya. Hakuna picha ya kukata utepe kwa kazi hizo.

Au chukua Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2003. Mwishoni mwa 2009 Google waliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo wa Kenya na Tanzania: andika makala za Kiswahili, ushinde zawadi kama kompyuta za mkononi. Makala mamia yakaja kwa muda mfupi. Zawadi zilipoisha, wengi wa waandishi nao wakaisha. Waliobaki kusafisha na kuunganisha ni wale wachache waliokuwa wakijitolea tangu mwanzo, bila kompyuta ya zawadi. Kuita umati si kazi ngumu sana. Kubaki na watu watano baada ya umati kwenda, hiyo ndiyo kazi.

Najua maana ya "wazi" kwa njia ya kawaida kabisa. Nilipoacha chuo, nenosiri langu la maktaba lilizimwa kabla ya muhula kuisha. Majarida yote, kamusi zote za kulipia, kumbukumbu zote, zikafungwa siku moja. Ubongo ulikuwa uleule, hamu ya kusoma ileile, ila jina langu halikuwa tena kwenye orodha fulani. Kilichobaki ni vile vitu ambavyo mtu aliamua kuviweka hadharani: kamusi za bure, tasnifu zilizoachwa wazi, faili za watu wa isimu ambao sijui kama walijua mtu wa Kakamega angezifungua kwa simu, kwa bando la shilingi ishirini. Sehemu kubwa ya historia unayosoma hapa imetoka huko. Na wengi wa vijana hapa hawajawahi kuwa na hilo nenosiri hata siku moja.

Ndiyo maana mradi mmoja wa karibuni ulinifurahisha na kunikera kwa wakati mmoja. Unaitwa Kencorpus, na ni kazi ya watafiti wa Kenya wenyewe, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Maseno na Chuo Kikuu cha Nairobi. Walikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya, ili kompyuta zianze kujifunza lugha hizi, na matokeo yakatangazwa 2022: maandishi 4,442 yenye maneno kama milioni 5.6, na faili za sauti 1,152 zenye jumla ya saa 177. Wakayaweka wazi.

Angalia walivyofanya na Kiluhya. Hawakutafuta ile lugha moja ya Owen na Appleby. Walichukua lahaja tatu, kila moja kwa jina lake: Kimarachi, Kimaragoli na Kibukusu. Kwangu hiyo ni historia kugeuka. Miaka themanini iliyopita swali lilikuwa "tuandike ipi?" Sasa jibu ni "andika kila moja, na uiweke alama ni ipi." Hilo lilinifurahisha.

Kilichonikera si kosa la mtu. Ni ramani. Kimarachi kiko upande wa Busia. Kimaragoli ni Vihiga. Kibukusu ni Bungoma. Kaunti ya Kakamega, iliyo katikati ya hizo zote, ina Kiisukha, Kiidakho, Kitsotso, Kikabras, Kiwanga, Kimarama, Kikisa na Kinyala, angalau nane, na hakuna hata moja kati ya zile tatu zilizochaguliwa iliyo na makao yake hapa. Mradi hauwezi kubeba kila kitu, naelewa. Lakini kompyuta zinazofunzwa leo ndizo zitakuwa zinasoma barua, kujibu wagonjwa na kusomesha watoto kesho. Ikiwa kwenye jedwali hakuna safu ya Kiisukha, basi kwa mashine Kiisukha hakipo. Kitakuwa Kibukusu kilichoandikwa vibaya. Tumeshaona mchezo huu: kilichochaguliwa kinaitwa sahihi, kingine kinaitwa kosa.

Na shuleni tayari iko hivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali itakuza na kulinda lugha za Kenya, na kuendeleza zile za kiasili. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha ya mahali anapoishi kwa miaka mitatu ya kwanza. Mtaala wa sasa nao una somo la lugha ya kiasili katika gredi za mwanzo. Vizuri. Sasa mwalimu aliyepelekwa shule iliyo kati ya Isukha na Idakho atumie kitabu gani? Akipata cha Kiluhya cha pamoja, watoto wanacheka maneno. Mara nyingi anaona ni heri afundishe kwa Kiswahili na Kiingereza, somo likabaki kwenye ratiba ya ukutani. Mtoto anajifunza mapema kwamba lugha ya kukhu wake ni ya jikoni, haina daftari.

Je, ni kitu kikubwa sana tunachohitaji? Hesabu nami. Chukua maneno elfu moja ya kawaida: sehemu za mwili, vyakula, jamaa, miti, mifugo, vitendo vya kila siku. Weka safu nane, moja kwa kila lahaja ya kaunti. Ni visanduku elfu nane. Ukihifadhi kama maandishi matupu, faili yote itakuwa ndogo kuliko picha moja uliyopiga na simu yako jana. Ongeza safu ya kijiji neno liliposikika, safu ya mwaka, na safu ya kama aliyelisema ni mzee au kijana. Kwa sauti itakuwa kubwa zaidi, lakini simu unayo. Inaweza kufunguka bila kasi yoyote ya maana, inaweza kuchapwa kwa karatasi kwa shule isiyo na stima, na mwalimu anaweza kukata safu moja tu anayoihitaji akafanya orodha ya darasa.

Ugumu uko kwingine, na sitaki kuuficha. Mtu lazima aamue kama neno la Kikabras na la Kikisa ni mstari mmoja au ni maana mbili tofauti. Jedwali nalo lina siasa zake: ukianza kila mstari na Kiingereza, unakusanya tu vitu ambavyo Kiingereza kina jina lake, na yale maneno ya mazishi, ya tohara, ya aina za mboga za kienyeji yanabaki nje kwa sababu hayana mwenzake upande wa pili. Kuna swali la ruhusa pia. Mzee akikupa neno au hadithi, ajue itakaa wapi, nani ataisikia, na kama kampuni itaichukua kutengenezea pesa. Kuweka kitu wazi hakumaanishi kunyang'anya.

Halafu kuna lile la kufagia. Historia ya Kamusi na ya shindano la Wikipedia inasema wazi: usianze na uzinduzi. Anza na watu watatu au wanne ambao wangefanya kazi hii hata kama hakuna mtu anaangalia. Weka nakala zaidi ya sehemu moja, maktaba ya chuo, kwa mwalimu mmoja, kwa diski ya mtu nyumbani, ili siku kodi ya seva ikikosa kulipwa, maneno yasiende nayo. Tumia maandishi matupu, si programu ya fundi mmoja ambaye kesho atahamia Qatar. Na andika juu kabisa ya faili, kwa lugha ya kueleweka, kwamba mtu yeyote anaweza kunakili, kurekebisha na kufundishia.

Lee Appleby alikuwa na karatasi na misheni ya kumchapishia, na ilibidi achague. Sisi hatulazimiki kuchagua. Kwa mara ya kwanza tangu mtu aanze kuandika lugha za hapa, kuna chombo ambacho kinaweza kubeba ingokho, ingoko na engokho bila kumwambia yeyote amekosea, na bei yake ni karibu na bure. Kinachoisha ni muda. Wanaojua tofauti kati ya Kitsotso na Kiisukha kwa undani, jina la kila mti na kila jamaa, wengi ni wa rika la kukhu, na wajukuu wao mjini tunawajibu kwa Kiswahili. Jedwali linaweza kusubiri mwaka mwingine. Kukhu sijui.